Madirisha Niliyoyafunga Wakati wa Mvua

Wiki jana nilipanga foleni zahanati kama mzee mwingine yeyote, nikapiga chafya mbili, na kijana mmoja wa koti jeupe akaniambia, "Pole mzee, ni hii baridi." Nilitaka kucheka lakini kifua kilikataa. Baridi ya Garissa, wanangu. Mji ambao mbuzi hujibanza kwenye kivuli cha mlingoti wa simu. Yakidondoka manyunyu mawili, watu hutoa makoti sandukuni, na kila anayepiga chafya analaumu mawingu.

Sikumjibu yule kijana kwa sababu nimechoka kujibu watu. Lakini nyinyi mnaotoka vyuoni na viatu vipya mmeniomba niwaandikie jambo kuhusu kazi, na jambo hili nimelikwepa vya kutosha. Nilikuwa muuguzi karibu miaka thelathini, mingi yake katika zahanati ndogo za huku kwetu, ambako muuguzi huitwa daktari kwa kuwa hakuna mwingine wa kuitwa hivyo. Katika miaka hiyo kitu nilichojidai nakijua kuliko vyote kilikuwa kikohozi cha watoto. Ndicho nilichokijua vibaya.

Nilianza kazi katika wodi ya watoto ya hospitali moja nisiyoitaja, chini ya Sista Rehema, mama mfupi mnene mwenye sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya mto. Asubuhi alipoingia wodini hakuanza na wagonjwa. Alisimama mlangoni akahesabu vichwa: watoto, mama zao, nyanya, shangazi, jirani aliyekuja kutoa pole akakaa siku tatu, na mzee aliyejilaza chini ya kitanda kwa sababu sakafu ni baridi. "Hesabu vichwa kabla hujahesabu dawa," alituambia. Halafu alifungua madirisha yote, na akigeuka tu, nyanya waliyafunga. Upepo utampiga mtoto, walisema.

Vita hivyo viliendelea miezi. Siku moja Sista alikuja na bisibisi akang'oa komeo zote za madirisha, akazifungia kwenye kabati la dawa za hatari. Mkaguzi wa dawa alipokuja alikuta humo chupa nne na komeo ishirini na mbili. Alimuuliza Sista hivi ni vitu gani. Sista akamjibu kwamba hivyo ndivyo vilivyokuwa vikiua watoto wake, kwa hiyo mahali pake ni hapo. Tulicheka mpaka machozi. Mimi nilicheka kuliko wote, na sikujifunza kitu.

Miaka michache baadaye nilipelekwa peke yangu kwenye zahanati ya vyumba viwili, njia ya kwenda Bura. Mimi ni mtu wa mtoni, Mpokomo, na Kisomali changu wakati ule kilikuwa cha kununulia nyama tu. Kwa hiyo nilimtegemea Eddo Kaltuma. Eddo ni shangazi, na ndivyo kila mtu alivyomwita. Kazini alikuwa mfagiaji, lakini alikuwa pia mkunga, mkalimani, na mtu aliyeniambia nani anadanganya. Ukimuuliza mama, "Mtoto ameugua tangu lini?" mama anasema jana, na Eddo anatafsiri kwa Kiswahili chake cha Kisomali, ambamo p hugeuka b, "Yeye nasema jana. Ni wiki."

Alinishinda hata kwenye kuhesabu pumzi. Mnajua kwamba mtoto mwenye kichomi hupumua mbio, na kwamba lazima umtazame kifua dakika nzima ukiwa na saa mkononi. Saa yangu ilikufa kwa vumbi mara mbili. Eddo alichukua tasbihi yake, akafunga uzi mwekundu kwenye punje ya hamsini, na mwingine kwenye ya sitini kwa watoto wachanga kabisa. Mtoto akivuta pumzi, anasogeza punje moja. Mimi nashika saa, nasema anza, nasema basi. Kama vidole vyake vimepita uzi kabla sijasema basi, mtoto anapata dawa. Akina mama wasiojua kusoma walijifunza njia hiyo kwake siku moja, na mimi nilikuwa nimeshindwa kuwafundisha mwaka mzima.

Nilikuwa na daftari la kurasa mia, nikichora mstari mmoja kwa kila mtoto wa kikohozi na homa. Jilaal, yaani kiangazi kirefu, mistari ilikuwa michache. Vumbi liliwakwaruza watoto koo, ndiyo, lakini familia zilikuwa zimetawanyika na ngamia zao, nyumba moja hapa, nyingine mwendo wa nusu siku, na kikohozi cha mtoto huyu hakikuwa na pa kwenda. Mvua zikianza, mistari ilijaa ukurasa. Nikajiona mtaalamu. Mvua ni baridi, baridi ni kichomi, nikaandika hivyo kwa kalamu nyekundu kwenye jalada.

Lakini daftari hilohilo lilikuwa na mwezi mmoja wa ukame mkali uliojaa mistari kama miezi ya mvua. Mwezi huo hapakuwa na baridi hata ya kuazima. Watu walikuwa wamekimbilia kisima kimoja chenye maji, wamepanga nyumba ukuta kwa ukuta, wanangoja zamu usiku na mchana. Niliutazama ukurasa ule nikasema labda nilikosea kuchora. Ndivyo tulivyo, tukishapata jibu tunalolipenda.

Sasa nifike kwenye mvua zenyewe. Mwishoni mwa tisini na saba ilinyesha mpaka tukasahau rangi ya jua. Laga, yale makorongo ya mchanga yasiyo na maji mwaka mzima, ziligeuka mito, barabara ya Garissa ikakatika mbele yetu na nyuma yetu, na mbuzi walikufa wamesimama. Shule ya msingi ilikuwa na darasa moja la mawe juu ya kilima kidogo, na familia kumi na tisa ziliingia humo na vyombo vyao. Baadaye wakaja abiria wa lori lililokwama matopeni, wametembea siku nzima majini, wanatetemeka na kukohoa. Tuliwapa kona.

Wiki chache kabla ya hapo nilikuwa nimepata turubai za msaada, mpya, bado zina harufu ya dukani. Nikachukua nyundo. Nilizipigilia kwenye madirisha yote ya darasa, nikaziba uwazi wa chini ya paa kwa magunia, nikaacha mlango tu, nao nikautundikia blanketi. Niliweka majiko mawili ya makaa ndani. Ukiingia, miwani inapata ukungu kwa joto la watu. Nilisimama katikati nikajisikia kama mtu aliyejenga msikiti.

Binti yake Eddo Kaltuma, Sahra, alikuwa amejifungua siku kumi na moja kabla. Mtoto wa kike, wa kwanza, baada ya mimba mbili zilizoharibika. Walimwita Barwako, neema inayokuja na mvua. Kwa desturi ya Wasomali mama mzazi hukaa siku arobaini ndani, yeye na mtoto wake, na kipindi hicho huitwa umul. Wageni hawaingii ovyo. Mama yake au dada yake humpikia, humfukizia udi, na siku ya arobaini ndipo hutoka kwa sherehe. Sahra alikuwa kwenye aqal yake, ile nyumba ya fito na mikeka, nyuma ya zahanati, na mikeka ilikuwa imelowa chapa chapa. Niliingiza kichwa nikaona tone la maji linaanguka karibu na mguu wa mtoto.

"Eddo," nikasema, "mtoto huyu atakufa kwa baridi. Twende naye darasani."

Aliendelea kukamua nguo. "Umul hachanganyi na watu, Daktari. Siku arobaini. Yeye na mtoto yake, bas."

"Nyumba inavuja."

"Nafuja kidogo. Mimi naweka ngozi ingine juu. Ubande hii ya ubebo naziba, ubande ile naacha wazi, moshi natoka."

"Ukiacha wazi baridi inaingia."

"Baridi naingia, natoka," akasema. "Watu naingia, hatoki."

Nilikasirika. Nakiri kwamba sehemu ya hasira yangu ilikuwa uchovu, maana sikuwa nimelala vizuri siku nyingi, na sehemu ilikuwa majivuno ya mtu mwenye cheti mbele ya mfagiaji. Nilimwambia kwamba mimi nimesoma jambo hili, kwamba daftari langu linaonyesha, na kwamba akimwacha mjukuu wake hapo asije kunililia. Maneno hayo nilimwambia mwanamke aliyezalisha nusu ya watoto wa eneo lile. Aliikunja nguo aliyokuwa akiikamua.

"Wewe nasema baridi," akasema. "Sawa. Wewe ndiyo daktari."

Tukamleta Sahra darasani. Nilimpa mahali pazuri kuliko vyote, mbali na mlango, karibu na jiko, yaani mahali ambapo hewa haikufika kabisa.

Kikohozi kilianzia kona ya abiria wa lori. Siku ya tatu kilikuwa ukuta wa pili. Kufikia mwisho wa wiki ukizima taa unasikia darasa zima linakohoa kwa zamu. Watu wazima walipata mafua tu, watoto wakubwa homa ya siku tatu, wakainuka. Mimi mwenyewe nilishikwa siku ya nne. Kichwa kizito, pua zinatiririka, kifua kinakwaruza. Sikumwambia mtu. Nilimeza vidonge viwili nikaendelea, kwa sababu nilikuwa muuguzi pekee na nilidhani kulala ni aibu. Kila asubuhi kabla ya mgonjwa yeyote nilianza na Barwako. Nilimpenda mtoto yule, sijui kwa nini hasa, labda kwa kuwa nilimpigania. Nilimwinamia, nikamsikiliza kifua, nikamgusa shavu, nikamwimbia Kipokomo kidogo. Nikigeuza kichwa kukohoa, niligeuza kidogo tu.

Mtoto alikuwa na siku ishirini na mbili Sahra aliponiita. Yeye alikuwa amefika darasa la saba na Kiswahili chake kilikuwa safi.

"Daktari, mbona hanyonyi? Anashika ziwa halafu anaachia."

Nilifungua nguo za mtoto. Pua zilikuwa zinapanuka, na chini ya mbavu ngozi ilizama kila alipovuta pumzi. Eddo alitoa tasbihi bila kuambiwa. Vidole vyake vilipita uzi wa sitini nikiwa bado naiangalia saa, na mshale ulikuwa na safari ndefu mbele yake.

Niliwasha redio ya mawasiliano ya zahanati. Sauti upande wa pili ikasema barabara haipitiki, ndege haitui, subirini. Mtungi wa oksijeni haukuwepo. Nilichoma penisilini, nikijua moyoni kwamba ikiwa ni virusi sindano ile haina kazi. Tulimdondoshea maji ya chumvi puani, tukamnywesha maziwa ya mama yake kwa kijiko, tone tone, saa zote. Alipigana siku nne. Mnadhani mtoto wa kilo tatu hana nguvu. Ana nguvu za kutisha, na ukimtazama akizitumia zote kwa ajili ya pumzi tu unatamani kumwazima zako.

Alifariki asubuhi, mvua ikiwa imepumzika kidogo. Eddo Kaltuma alimwosha mwenyewe. Wanaume walimzika juu ya kilima kwa kuwa chini kote kulikuwa maji. Eddo alipokuja zahanati nilikuwa nimekaa na rejista, na nafasi ya sababu ya kifo ilikuwa wazi.

"Ni nini alimuua?" akaniuliza.

"Baridi, Eddo," nikasema. "Tulichelewa kumtoa kule nje."

Akasema inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Nikaandika kichomi, na pembeni nikaandika baridi. Halafu akaniomba nyundo. Nilidhani anataka kutengeneza aqal. Akaenda darasani akang'oa misumari yangu mmoja mmoja, turubai zote zikaanguka, na hakuna mtu humo aliyethubutu kumzuia. Hewa iliingia. Watu walijifunika zaidi na kulalamika.

Niliona aibu, nikafanya nilichopaswa kufanya tangu mwanzo. Wenye kikohozi tuliwapanga upande mmoja wa darasa, upande ambao upepo unatoka. Wenye watoto wachanga na akina mama wa umul tuliwajengea nyumba zao uani, mbali mbali, turubai juu tu kama kofia, na upande usiopigwa na upepo tukauacha wazi kama Eddo alivyosema. Watoto wachanga wengine watatu walikuwemo mle darasani. Wote watatu walipona, na kikohozi kilitulia mvua ikiwa bado inanyesha na baridi ikiwa ileile.

Kwa hiyo msinielewe vibaya kuhusu hali ya hewa. Ina kazi yake. Jua kali na upepo humaliza virusi upesi huko nje, na hewa isiyofikiwa na jua ndani ya chumba kilichozibwa huvihifadhi vizuri. Vumbi la kiangazi huchubua koo na kuvifungulia njia. Lakini kazi kubwa ya mvua ni kutuingiza wote chini ya bati moja, na kazi kubwa ya ukame ni kutukusanya wote kwenye kisima kimoja, na tukishafika hapo tunakoholeana. Mvua hainyeshi virusi. Daftari langu liliniambia hivyo kabla, kwenye ule ukurasa niliodhani nimekosea kuchora. Sista Rehema aliniambia kwa komeo ishirini na mbili. Na mwanamke mmoja mwenye ufagio aliniambia kwa maneno sita, nikamnyamazisha kwa cheti.

Nilifanya kazi na Eddo Kaltuma miaka mingine sita baada ya hapo. Hakubadilika kwangu. Alinitafsiria, alinisuta, alinifichia maziwa ya ngamia nilipochelewa. Sahra alipata watoto wengine wawili, wote wakakaa siku zao arobaini kwenye aqal, na mimi nikawatazama kutoka mlangoni nikiwa nimefunga leso usoni. Mara nyingi nilitaka kumwambia Eddo neno lile nililolificha, kwamba haikuwa baridi, na kwamba nilikuwa nakohoa. Nilijiambia nitasema kesho. Kazi yetu inatoa sababu nyingi za kungoja kesho.

Nilipostaafu nilikwenda kumuaga. Alikuwa amezeeka, macho yamefunikwa na mtoto wa jicho, amekaa kwenye mkeka mlangoni kwa Sahra. Alinijua kwa sauti. Sahra alikuwa ndani anachemsha chai. Nikakaa chini, nikasema nimekuja na jambo. Nikamwambia yote. Kwamba mjukuu wake hakufa kwa baridi. Kwamba nilimtoa mahali palipokuwa salama nikampeleka mahali pa kikohozi. Kwamba mimi mwenyewe nilikuwa mgonjwa na nilimwinamia kila asubuhi, na huenda nikawa ndiye niliyempa. Kwamba niliandika uongo.

Alizungusha tasbihi bila kuhesabu chochote.

"Mimi nalikuwa nasikia," akasema kwa sauti ya chini, ili Sahra asisikie. "Siku ya kwanza tu, nasikia wewe nakohoa juu ya mtoto. Nataka kusema, Daktari, toka haba. Mdomo nafungua kabisa. Halafu mimi nasema, huyu ni daktari, yeye najua. Nanyamaza."

"Eddo, kosa lilikuwa langu."

"Sahra naniuliza siku ile, Hooyo, mama yangu, wewe nasikia Daktari nakohoa? Mimi namwambia hapana." Alifuta jicho ambalo halikuwa likiona tena. "Wewe hujui, Daktari. Mimi najua na nanyamaza. Kosa yako iko ndogo."

Nikamwambia tena kosa ni langu, langu peke yangu, nikamshika mkono nikarudia. Hakubishana nami. Alikuwa amelibeba miaka mingi mno kuniachia mimi mchana mmoja. Sahra akatoka na chai, akatuuliza kwa furaha tunazungumza nini, na sisi sote wawili tukanyamaza.